Mkasi wa Mwenye Nyumba

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki.

Ya pili ilipita juu ya kofia ngumu.

Ya tatu Johari hakuisubiri. Aliilaza Yamaha ubavu, goti likakaribia kulamba lami, akapenya kando ya lori la mbao na kuibuka nyuma tu ya Hilux nyeupe iliyokuwa ikimfyatulia. Kintinku ilikuwa imeshabaki chini bondeni, mabati yake yakimeremeta kwa jua la asubuhi. Mbele palikuwa na mlima wa Saranda na kona zake. Asiyezijua, hazimsamehi.

Johari alizijua.

"Kipanga kwa Mwamba." Kinasa sauti kilikuwa kimeshonewa ndani ya hijabu, chini ya kidevu. "Niko mkiani kwake. Anapandisha Saranda. Ova."

"Mwamba hapa." Sauti ya Mzee Leonidas ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. "Mzigo unauona?"

"Sanduku la baridi, nyuma, limefungwa kamba."

"Likamate. Lisifike Manyoni."

"Sawa, Mzee."

"Na jilinde, mwanangu. Una mtoto mdogo."

Johari alitabasamu ndani ya kofia. Katika idara nzima ya usalama ni mzee huyu peke yake aliyekumbuka mambo kama hayo. Ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye aliyemwambia, siku aliyotaka kuacha, kwamba mama mwenye mtoto mgongoni anaona mbali kuliko wengine. Na alipojifungua, Mzee Leonidas alifunga safari kutoka kwao Iguguno na kuku jike aliyenona kwapani. "Mzazi hanywi supu ya kuku wa dukani," alisema, akamkabidhi bibi wa mtoto jikoni.

Kona ya nne.

Johari alichomoa Glock kwa mkono wa kushoto. Akashusha pumzi.

Mlio mmoja.

Tairi la nyuma lilipasuka. Hilux iliyumba, ikapanda tuta la mchanga na kulala ubavu kwenye kichaka cha miiba.

Dereva, aliyekuwa peke yake, alitoka akikohoa vumbi, bastola ameitupa, mikono juu. Paskali. Picha yake Johari alikuwa amepewa tangu jana: msafirishaji wa magendo, mtu wa kukodiwa na yeyote. Alifungwa pingu kwenye bampa kabla hajamaliza kukohoa.

Johari alifungua sanduku. Lilikuwa kubwa, la kutosha kubeba dawa ya wilaya nzima.

Ndani mlikuwa na kichupa kimoja.

"Kimoja?"

Paskali alicheka. Damu ilimtoka mdomoni na bado alicheka. "Dada, yaani umenikimbiza tangu bondeni kwa ajili ya kichupa kimoja? Haya, chukua. Kitunze. Utakihitaji mahakamani."

"Unasema nini?"

"Mimi? Mimi sisemi kitu. Mimi dereva."

Kichupa kilikuwa na karatasi safi ya buluu: *Chanjo ya Mdondo. Kitone kimoja jichoni.* Dawa ambayo kila mfugaji wa Singida aliijua. Mdondo ukipita kijijini bila chanjo, asubuhi unaokota kuku kama majani makavu.

"Kipanga kwa Mwamba. Nimekipata. Ni kichupa kimoja tu, Mzee."



"Kazi nzuri. Kaa nacho mwenyewe, usimpe mtu. Nenda nyumbani mjini, upumzike na mwanao. Nitakuita."

Angempa amri nyingine yoyote, Johari angeitii bila kufikiri. Ila hii ya kupumzika ilimkaa vibaya. Mzee Leonidas hakuwahi kumwambia mtu apumzike kazi ikiwa katikati.

Polisi wa Manyoni walikuja kumchukua Paskali. Johari alivaa glavu, akadondosha tone la ile dawa ndani ya kimashine cheusi kilicholingana na simu. Idarani walikiita Kidonoa. Kazi yake kusoma vinasaba. Akakifunga kwenye tangi la pikipiki, akaunganisha simu ya setilaiti ya Thuraya, akapiga gia.

Kidonoa kikasoma huku Yamaha ikila barabara. Manyoni. Ikungi. Mashamba ya alizeti yaligeuza nyuso zake kulifuata jua.

Simu iliita alipofika kwenye mawe makubwa ya Singida mjini. Alikuwa Daktari Zabibu, mtaalamu wa maabara, mwanamke asiyepoteza muda kwa salamu.

"Johari, umeigusa kwa mkono?"

"Nilivaa glavu. Vipi?"

"Hiyo si chanjo. Huo ni mdondo wenyewe, ule mkali kuliko yote. Umevalishwa nguo za chanjo."

Johari aliegesha chini ya kivuli cha jiwe. "Nieleze taratibu, Daktari. Nieleze kama unamweleza mama yangu."

"Haya. Kirusi hakina miguu wala meno. Kikifika kwa kuku kinashika sukari zilizoota juu ya ukuta wa seli, kama kupe anavyoshika nywele. Hapo bado kiko nje. Ili kiingie, kina ufunguo wa kuunganisha ngozi yake na ukuta wa seli, viwe kitu kimoja, kimwage vitu vyake ndani. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Sasa ufunguo huo unazaliwa haujachongwa. Haufungui kitu mpaka ukatwe mahali pamoja. Na kirusi hakina mkasi."

"Mkasi anao nani?"

"Kuku mwenyewe."

Johari alisukuma kioo cha kofia juu.

"Kirusi cha chanjo," Zabibu aliendelea, "ufunguo wake unakatwa na mkasi ulioko kooni na tumboni tu. Kuku anapata mafua kidogo, mwili unajifunza adui, basi. Hiki chako kimeumbwa ufunguo unaokatika kwa mkasi ulioko kila seli. Ubongo, moyo, ini. Kila mlango kinachogonga, mwenye nyumba anakichongea ufunguo kwa mkono wake."

"Kwa hiyo bila mtu wa ndani..."

"Bila mtu wa ndani kingefia mlangoni. Ila nisikilize. Kichupa kimoja hakina maana. Vingine viko wapi?"

Johari alitazama saa.

Leo ilikuwa siku ya mnada Iguguno. Tangazo lilikuwa limepita redioni wiki nzima: chanjo ya bure kwa kuku wote, kwa hisani ya mfadhili kutoka ng'ambo, Bwana Vosk. Idara ilimfuatilia Vosk kwa muda mrefu. Alikuwa mwuza vifaranga, wale wa kizungu wasioatamia, ambao mfugaji hununua upya kila msimu. Kuku wa kienyeji wakiisha Singida, kila banda litapiga magoti mlangoni kwake.

Na mgeni rasmi wa zoezi lile alikuwa Mzee Leonidas. Machoni pa watu alikuwa bwana mifugo mstaafu, kificho alichokivaa miaka mingi mpaka kikamkaa kama ngozi.

"Watamtumia," Johari alisema. "Watamtumia mzee wangu bila yeye kujua."

Alipiga redio. Kimya. Alipiga simu. Haikupokelewa.

Akavuta mafuta mpaka mwisho.

* * *

Nyumba ya mama yake Mzee Leonidas ilikuwa ya kwanza ukiingia Iguguno, yenye ua wa michongoma. Kila alipokuwa na shughuli, mzee alikula kwanza kwa mama yake. Johari alitumaini kumkuta.

Alimkuta Bibi Severina peke yake, jikoni, anachochea sufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe si yule wa mjini aliyejifungua? Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mzee yuko wapi?"

"Ameshakwenda mnadani. Hakula hata. Ona, firigisi yake nimemwekea." Bibi alifunua kibakuli. Firigisi moja, imekaangwa, imekaa peke yake kama mtu mkubwa. "Hii haigusi mtu. Tangu baba yake afariki, ni ya Leonidas."

Johari alitazama uani. Banda lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlangoni pake palikuwa na beseni la maji meupe, yananuka dawa.

"Bibi, hili beseni?"

"La Leonidas hilo. Kila anayeingia uani atie miguu. Na kuku wangu kasema wasitoke, wasitiwe hiyo dawa ya mnadani. Kanikataza kabisa."

Upepo ulikoma, au Johari aliacha kuusikia.

"Alikukataza lini?"

"Jumapili. Tulipotoka kanisani."

Jumapili. Siku ambayo idara yote ilikuwa haijajua kama kuna kichupa. Siku ambayo kwenye simu Mzee Leonidas alimwambia: mwanangu, kuna mzigo utapita Kintinku, nenda wewe, simwamini mwingine.

*Kitunze. Utakihitaji mahakamani.*

Kuku wakishakufa mkoa mzima, watu watauliza: nani alikutwa na kichupa?

Johari alishika nguzo ya jiko. Alikumbuka ile supu. Alikumbuka mzee akimshika mtoto, akimpulizia usoni, mtoto akicheka cheko lake la kwanza. Kuna maumivu yasiyotoa machozi.

Redio ilikoroma chini ya kidevu chake. Sauti asiyoijua.

"Kipanga, namba yako ya kazi imefungwa. Jisalimishe kituo cha polisi kilicho karibu, pamoja na kichupa."

"Amri ya nani?"

"Ya Mwamba."

Johari alizima redio.

"Bibi," alisema polepole, "angalau kuku wako wako salama humo bandani."

Bibi Severina alitazama mlangoni, kisha akamsogelea kama msichana mwenye siri. "Usimwambie Leonidas. Humo hamna kitu. Wenzangu wote wanapeleka kuku wao, mimi nibaki nyuma, niitwe mchawi? Nimewatoa kwa nyuma. Jirani yangu Dina kawabeba kwenye tenga, mpaka jogoo wangu wa kitambaa cha zambarau. Watakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Johari alimtazama bibi yule. Akamvalisha kofia yake ngumu.

"Panda, Bibi."

"Mimi? Kwenye hilo dude?"

"Ile dawa inaua. Tunawafuata kuku wako."

"Inaua? Na Leonidas ndiye mgeni rasmi?"

Johari aliwasha pikipiki. Bibi alisimama akiwaza. Halafu akafunika kibakuli, akakitia kwenye kikapu, akakipachika mkononi na kupanda.

* * *

Iguguno yote ilikuwa mnadani. Matenga yalikuwa yamepangwa mstari mrefu kuanzia kwenye turubai mpaka kwa wauza viazi. Kuku walilia, spika zililia, na juu ya yote sauti ya Mzee Leonidas ilikuwa bado katika hotuba. Mungu azibariki hotuba za wageni rasmi. Hakuna kuku aliyetiwa tone, maana zoezi haliwezi kuanza kabla mgeni rasmi hajalifungua.

Vosk alikaa meza kuu, kofia ya pama, miwani ya Ray-Ban. Mezani mbele yake lilikuwa sanduku limejaa vichupa vya buluu. Land Cruiser yake ilikuwa imeegeshwa nyuma ya turubai.

Johari alipita kwanza nyuma ya gari. Kidonge cheupe, kidogo kama punje ya hindi, alikisukuma ndani ya bomba la moshi. Kikipata joto kinageuka povu, na povu linageuka jiwe.

Kisha akatembea moja kwa moja kuelekea jukwaani.

Mzee Leonidas alimwona. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Ndugu wananchi," alisema kwenye kipaza sauti kilichobanwa kwenye shati, "niliwaambia kuna adui anazunguka na sumu ya kuku. Yule pale. Askari, mkagueni."

Askari wawili walimdaka. Glock ikachukuliwa. Mfuko ukamwagwa. Kichupa kikaviringika mavumbini.

"Huyo!" sauti ilipaa. "Uso mzuri hivyo, kumbe kicheche mla kuku!"

"Mwizi wa kuku afadhali! Huyu anawaua kabisa!"

"Mtieni yeye hicho kitone jichoni!"

Pingu zilifungwa. Johari alimtazama mwalimu wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," mzee alijibu. Ilimtoka yenyewe. Miaka kumi ya mazoea haizimwi kwa siku moja.

"Sipingi kwenda. Naomba jambo moja tu mbele ya watu hawa. Mgeni rasmi afungue zoezi kwa mkono wake. Kuku wa kwanza kwenye foleni."

"Haki yake!" watu walipiga makofi. "Mgeni rasmi afungue!"

Mzee Leonidas alitabasamu. Lilikuwa jambo dogo. Alichukua kichupa mezani, akakifungua, akavuta dawa kwa kidondoshi. Dina akafungua tenga la kwanza na kumtoa jogoo mwekundu mwenye kishungi. Mguuni alikuwa na kitambaa cha zambarau.

Mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Wa nani huyu?"

"Ni wangu, mwanangu."

Bibi Severina alikuwa amepenya katikati ya watu, kofia ya pikipiki bado kichwani. Hakuna aliyecheka. Alimpokea Dina yule jogoo, akamkumbatia, akamgeuza kichwa ili jicho litazame juu.

"Mtie."

"Mama, si nilikwambia uwafungie..."

Alijiuma ulimi. Alikuwa amechelewa. Kipaza sauti kilikuwa shatini, na maneno yake yalikuwa yameshapita kwenye spika mpaka kwa wauza viazi.

"Awafungie kwa nini?" Dina aliuliza.

Mnada mzima uligeuka kumtazama mgeni rasmi. Hata kuku.

"Aliniambia wangu wasitiwe," Bibi alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi peke yangu. Leonidas, huyu Dina ndiye aliyenichotea maji miaka yote uliyokuwa Dodoma. Kuku wa Dina wafe, wangu wabaki? Nikiwala, nitawala na nani?"

"Mama..."

"Kama ni dawa, mtie. Nataka nione mkono wako."

Tone lilining'inia kwenye ncha ya kidondoshi. Mzee aliyewahi kukabili bunduki mpakani bila kupepesa macho hakuweza kulishusha kwenye jicho la jogoo wa mama yake. Taratibu alirudisha kidondoshi ndani ya kichupa. Akakifunga.

Hapo ndipo Vosk alipoinuka.

Alikumbatia sanduku na kukimbia. Alijitupa ndani ya Land Cruiser. Injini ilikohoa, ikalia kama mbuzi, ikazima. Akawasha tena. Kimya. Povu lilikuwa limekuwa jiwe.

"Fungueni pingu!" Johari alifoka.

Askari walitazamana.

Hakuwa na muda wao. Pini ya hijabu haikuwa pini ya kawaida. Kidole kimoja, mzunguko mmoja, pingu zikadondoka.

Vosk alitoka garini, Beretta mkono mmoja, sanduku mkono mwingine. Alilinyanyua juu ya kichwa, juu ya mstari mrefu wa matenga.

"Msinisogelee! Navipasua vyote hapa hapa!"

"Bibi, kofia!"

Bibi Severina aliivua na kuitupa. Johari aliidaka na kuivurumisha. Ilizunguka hewani kama jiwe la kombeo, ikampata Vosk katikati ya miwani. Beretta ikalia kuelekea mawinguni. Sanduku likamponyoka.

Johari alishajirusha. Alilala chali mavumbini, mikono wazi, kama mama anayemdaka mtoto akianguka kutoka kitandani.

Sanduku likatua kifuani kwake.

Hakuna kichupa kilichopasuka.

Vosk alijaribu kuinuka. Wanawake wa Iguguno hawakumruhusu. Dina alimkalia mgongoni, na Dina hakuwa mwembamba.

* * *

Askari walimfunga Mzee Leonidas zile zile pingu. Hakupinga. Johari alisimama mbele yake akijikung'uta vumbi.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nimelinda mlango wa watu maisha yangu yote, nikazeekea nje ya mlango huo. Vosk aliniahidi niwe mkuu wa shamba lake hapa." Aliinamisha kichwa. "Sikutaka damu ya mtu."

"Sijauliza hilo. Kwa nini mimi?"

Mzee alizitazama pingu mikononi mwake.

"Kwa sababu wewe peke yako usingeniuliza."

Maneno yale yalimwingia Johari na kufika kila mahali. Ubongo. Moyo. Ini. Alikumbuka Zabibu: mwenye nyumba anakichongea ufunguo kwa mkono wake. Imani yake ndiyo iliyokuwa mkasi.

Lakini hakulia. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa kumlea, na mtoto hafundishwi kutomwamini mtu.

Redio ilikoroma alipoiwasha. "Kipanga, namba yako imefunguliwa. Idara inaomba..."

"Idara isubiri," alisema, akaizima tena.

Bibi Severina alikuwa ameketi juu ya tenga, jogoo mapajani, kikapu miguuni. Alitoa kibakuli. Alitazama gari la polisi, kisha akamtazama Johari.

"Chukua," alisema. "Ni yako leo."

"Bibi, ni ya Mzee."

Bibi alifikiri. Alitoa kisu kidogo kikapuni, akaikata ile firigisi katikati.

"Nusu yako. Nusu nitampelekea kituoni. Kakosa, lakini ni mwanangu, nitamtupa wapi?"

Johari alikula amesimama. Ilikuwa imepoa. Alitafuna mpaka ikaisha, akalamba vidole, akashukuru kwa mikono miwili.

Kisha akaokota kofia yake, akaipangusa, akapiga simu.

"Mama? Mtoto amekula?... Uji? Wote?... Haya. Mwambie nakuja."

Yamaha ilinguruma. Nyuma yake jogoo wa Bibi Severina aliwika, macho yote mawili makavu.

Johari hakugeuka.